Unyumba, watoto na wavu wa gereza: naomba tuzungumze kuhusu utaratibu wa kuwaona ndugu zetu waliofungwa

Mleta uzi (Bahi)

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote, na wakubwa zangu shikamooni.

Ninaleta jambo ambalo kwa kawaida watu hulizungumza kwa kunong'ona au kwa kucheka, nami naomba hapa tulizungumze kwa utulivu, kwa sababu limepita ndani ya nyumba yangu. Jambo lenyewe ni namna tunavyoruhusiwa, na tusivyoruhusiwa, kuwaona walioko magerezani: mke na mume, mzazi na mtoto.

Mume wangu alihukumiwa kifungo cha miaka 6 kwa kumjeruhi mtu katika ugomvi wa mpaka wa shamba. Kosa alilitenda, aliyeumizwa tunamfahamu, na hukumu hatukuikatia rufaa. Kwa msamaha wa theluthi moja ambao sheria humpa mfungwa mwenye nidhamu, alitumikia miaka 4. Alipoondoka, binti yetu alikuwa hajaanza kutembea. Aliporudi, binti alimwamkia kwa adabu, "Shikamoo, mjomba," kisha akajificha nyuma ya kitenge changu. Mume wangu aliitikia marahaba, akaenda kukaa nyuma ya nyumba, na sikumfuata kwa sababu sikuwa na neno la kumwambia.

Si kwamba sikuwa nikimpeleka mtoto. Nilimpeleka. Lakini gerezani, ambako sitakutaja jina, tulikuwa tukionana kupitia nyavu mbili zilizoachana kiasi cha hatua moja, askari akitembea katikati, na upande wetu tukiwa watu kumi na tano au ishirini kwa pamoja, kila mmoja akipaza sauti ili sauti yake imfikie mtu wake. Mtoto mdogo katika mahali kama hapo haoni baba. Anaona chuma na watu wanaopiga kelele. Alilia mara ya kwanza, akalia mara ya pili, na mara ya tatu mume wangu mwenyewe aliniomba nisimlete tena. Dakika zetu zilikwisha tukiwa bado tunaulizana habari za mvua na mbegu, maana mambo mazito ya nyumbani huwezi kuyasema kwa kupiga kelele mbele ya watu ishirini.

Katika mwaka wa pili nilifika na chakula na sabuni, nikaambiwa getini kwamba amehamishiwa gereza la mkoa mwingine wiki mbili zilizopita. Hakuna aliyekuwa ametuarifu. Nauli ya siku ile niliipata kwa kuuza madebe mawili ya uwele, na baada ya uhamisho huo, katika muda wote uliobaki, niliweza kumwona mara tatu tu.

Nimeanza na habari hii ili msomaji ajue ninakosema kutoka. Sasa niseme ninachokiamini. Ibara ya 16 ya Katiba yetu ya mwaka 1977 inasema kwamba kila mtu anastahili kuheshimiwa na kupata hifadhi kwa nafsi yake, maisha yake binafsi na familia yake na unyumba wake. Neno hilo, unyumba, limo ndani ya Katiba, wala si mimi niliyelileta kwa ukosefu wa haya. Najua kwamba haki hizi zina mipaka, na najua kwamba mtu aliyefungwa amepoteza uhuru wake kwa hukumu halali. Ninachouliza ni hiki: mimi na mtoto wangu tulihukumiwa na mahakama gani?

Swali la tendo la ndoa kwa wafungwa limewahi kuulizwa bungeni, hapa hapa Dodoma, na kila linapoulizwa watu hucheka, kisha jibu huwa kwamba sheria haina nafasi hiyo. Mimi nadhani tunalikosea swali lenyewe. Tunaliuliza kana kwamba tunaomba chumba kimoja chenye kitanda. Kwa mtu aliyekaa upande wa pili wa wavu, kilichokosekana ni kikubwa zaidi ya hicho. Ni kukaa na mwenzako mkala sahani moja, mtoto akapakatwa, mkazungumza kuhusu shamba na deni bila mtu wa tatu kusikiliza, na ndipo hilo jingine liwe sehemu ya unyumba kama lilivyo katika nyumba yoyote. Ningependa kusikia maoni yenu, hasa ya wenye ujuzi wa sheria na ya waliowahi kufanya kazi magerezani.

Mchangiaji wa 2 (Dodoma Mjini)

Dada yangu, pole kwa yaliyokupata, na nakushukuru kwa kutolificha kosa la mumeo, kwa sababu wengi huja hapa wakisema ndugu zao wote walionewa.

Hata hivyo sikubaliani nawe, na nitaeleza kwa nini. Kaka yangu aliuawa na majambazi akiwa njiani kurudi nyumbani kutoka mnadani. Waliomuua walikamatwa, wakahukumiwa, na wako gerezani hadi leo. Mke wa kaka yangu hana siku ya kwenda kumwona mumewe, hana wavu wa kuzungumzia, na watoto wake wanne hawana baba wa kumwamkia hata kwa kumkosea jina. Ninapoambiwa kwamba mtu yule ajengewe nyumba ndogo, mkewe aje akae naye siku mbili wapike na kula, moyo wangu unakataa, na sidhani kwamba ukatili ndio unaokataa. Adhabu ikiondolewa machungu yake yote, aliyedhulumiwa ataona kwamba serikali imesimama upande wa aliyemdhulumu.

Kuhusu mtoto kumpakata baba yake, hapo sina ubishi. Kuhusu kuarifiwa uhamisho, pia sina ubishi. Lakini unyumba ni starehe ya mtu huru.

Mchangiaji wa 3, askari magereza mstaafu (Kongwa)

Nimetumikia Jeshi la Magereza kwa zaidi ya miaka thelathini, nikafanya kazi katika magereza ya kanda hii na ya kanda nyingine, na ningependa kusema mambo machache kwa upande wa wale wanaoshika funguo.

Mama mleta uzi, wavu ule haukuwekwa ili mtoto wako alie. Umewekwa kwa sababu askari wawili au watatu wanasimamia wageni wengi kwa siku moja, na kila kitu kinachoweza kupita mkononi hupita. Nimewahi kukuta bangi ndani ya ugali, laini ya simu ndani ya kipande cha sabuni, na wembe ndani ya soli ya kandambili. Anayekamatwa huwa mke au mama mzee ambaye aliombwa tu abebe kitu asichokijua, naye akaingia kwenye kesi. Kwa hiyo askari anayekukagua kwa ukali hakukagui kwa sababu anakuchukia.

Nikiyasema hayo, sitetei kila kitu. Magereza yetu mengi yalijengwa enzi za ukoloni au mara tu baada yake, kwa idadi ndogo ya watu, na sehemu ya kuonea ndugu ilikuwa kitu cha mwisho kufikiriwa. Mlundikano ukiongezeka, wanaokuja kuona ndugu nao huongezeka, lakini sehemu ile inabaki ile ile na saa za siku ni zile zile. Hapo dakika zinapungua bila mtu yeyote kutoa amri kwamba zipungue.

Niongeze jambo moja ambalo wasio wa kazi hii hawalijui. Askari mwenye uzoefu humtambua mfungwa ambaye hatembelewi. Huyo ndiye anayegombana kwenye foleni ya chakula, ndiye anayekataa kwenda shambani, ndiye anayeugua magonjwa yasiyoonekana kwa daktari. Mfungwa aliyetoka kuonana na mtoto wake asubuhi hana sababu ya kumsumbua afande jioni, kwa sababu ana kitu cha kupoteza. Kwa maoni yangu ya kikazi, kutembelewa ni kifaa cha ulinzi kama ulivyo ukuta.

Kuhusu siku mbili za familia kukaa pamoja, katika gereza kuu lenye ulinzi mkali sioni linavyowezekana leo. Lakini tunayo magereza ya wazi, yale ya kilimo, ambako mfungwa aliyekaribia kumaliza anafanya kazi nje akiwa na ulinzi mdogo. Mtu ambaye tayari tunamwamini na jembe na panga katikati ya shamba, kwa nini tusimwamini kukaa na mke wake na watoto wake ndani ya uzio? Ningekuwa naulizwa, ningesema tuanzie huko.

Mchangiaji wa 4, wakili (Dodoma Mjini)

Nimeusoma uzi huu kwa makini, na kwa kuwa mleta uzi ameomba upande wa sheria, nitaueleza kadiri ninavyoweza bila lugha ya mahakamani.

Sheria ya Magereza tuliyonayo ni ya mwaka 1967, Sura ya 58. Inaruhusu wafungwa kutembelewa na kuandikiana barua na ndugu zao kwa masharti na chini ya usimamizi, lakini haimpi mfungwa haki ya kukutana faragha na mwenzi wake. Ilitungwa katika zama ambazo fikra ya gereza ilikuwa kufungia na kufanyisha kazi.

Kimataifa kuna Kanuni za Nelson Mandela, zilizopitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa tarehe 17 Desemba 2015. Ziko 122. Kanuni ya 58 inasema mfungwa aruhusiwe kuwasiliana na familia na rafiki zake mara kwa mara, kwa barua na kwa kutembelewa, chini ya usimamizi unaohitajika. Sehemu yake ya pili ndiyo inayohusu mjadala wetu, na naomba isomwe kwa uangalifu, kwa sababu watu huitaja vibaya: hailazimishi nchi yoyote kuruhusu faragha ya wanandoa, bali inasema kwamba pale inaporuhusiwa, itolewe bila ubaguzi, na wanawake waliofungwa waipate sawasawa na wanaume. Kanuni ya 59 inataka mfungwa awekwe, kadiri inavyowezekana, karibu na nyumbani kwake. Kanuni ya 68 inampa haki ya kuiarifu familia yake mara moja anapohamishwa. Kwa hiyo lile lililokupata getini, mama, halikuwa bahati mbaya tu. Lilikuwa kinyume cha kiwango ambacho dunia imekubaliana. Aidha, Kanuni ya 43 inakataza kumnyima mfungwa mawasiliano na familia kuwa ndiyo adhabu ya utovu wa nidhamu. Kanuni hizi hazina nguvu ya sheria ndani ya nchi, lakini mahakama na wabunge wanaweza kuzitumia kama kipimo.

Sasa nieleze jambo ambalo naona halijaguswa, nalo liko katika Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Kifungu cha 107 kinaorodhesha mambo ambayo mahakama inaweza kuyachukua kuwa ushahidi kwamba ndoa imevunjika kiasi kisichorekebishika. Mojawapo ni mwanandoa mmoja kufungwa maisha, au kufungwa kwa muda usiopungua miaka 5, mahakama ikiangalia urefu wa kifungo na aina ya kosa. Si talaka ya moja kwa moja, lakini ni sababu inayotosha kufikishwa mbele ya hakimu. Zaidi ya hapo, ingawa kwa kawaida hakuna anayeweza kufungua shauri la talaka bila kwanza kupita katika baraza la usuluhishi wa ndoa, kifungu cha 101 kinaiondoa hatua hiyo kwa mwanandoa ambaye mwenzake amefungwa maisha au miaka 5 na zaidi.

Tutafakari maana yake. Sheria yetu inatambua kwamba kifungo kirefu kinaua ndoa, na imempa aliyebaki nje mlango wa kutokea, tena mlango usio na baraza la kusuluhisha. Sisemi mlango huo ufungwe, kwa sababu wapo wanawake waliooana na watu wakatili na wanauhitaji. Lakini yule anayetaka kuilinda ndoa yake hakupewa kitu chochote. Mleta uzi, kwa kifungo cha miaka 6, ulikuwa na haki ya kwenda kuomba talaka, na hukuwa na haki ya kukaa na mumeo saa moja.

Mchangiaji wa 5 (Manyoni)

Namshukuru sana wakili kwa maelezo yake. Ningependa kuuliza kuhusu nchi nyingine, kwa sababu kila mjadala huu unapoanza, mtu husema "Ulaya wanafanya" au "ni mambo ya Wazungu," bila kueleza ni nani hasa anayefanya nini.

Mchangiaji wa 4, wakili (Dodoma Mjini)

Ndugu yangu wa Manyoni, swali zuri, na jibu lake linawashangaza wengi. Uingereza, ambayo mfumo wetu wa magereza umetokana nayo, hairuhusu. Saudi Arabia na Iran zinaruhusu kwa wanandoa. Kwa hiyo si sahihi kulihesabu jambo hili kuwa ni la Wazungu, wala kusema kwamba dini inalikataa kwa asili yake.

Nchini Marekani magereza ya serikali kuu hayaruhusu; yanayoruhusu ni ya majimbo machache, yakiwamo California, New York na Washington. Historia ya huko inahitaji kukumbukwa kwa uchungu. Utaratibu huo ulianza mapema katika karne ya 20 katika gereza la Parchman, jimbo la Mississippi, na walioanza kupewa walikuwa wafungwa weusi, kwa imani ya kibaguzi kwamba wangelima kwa nguvu zaidi wakiahidiwa mwanamke mwisho wa juma. Jimbo hilo hilo liliufuta mwaka 2014, likitaja gharama na watoto waliozaliwa. Ninalitaja hili kwa sababu nasi tuna magereza ya kilimo, na sitapenda siku moja unyumba wa mtu ugeuzwe ujira wa kufikisha idadi ya magunia.

Ufaransa ilifuata njia nyingine. Tangu mwaka 2003 imekuwa ikijenga nyumba ndogo ndani ya eneo la gereza, zenye jiko na vyumba, ambamo mfungwa hukaa na familia yake kwa muda unaoweza kufikia saa 72. Canada nayo ina utaratibu unaofanana. Anayekaribishwa hapo si mke au mume pekee, bali watoto na hata wazazi. Nadhani hiki ndicho alichokielezea mleta uzi kabla hata ya kukisikia.

Katika nchi zinazofanana nasi kwa kipato, jimbo la Punjab nchini India lilianza mwaka 2022, kwa saa mbili, likiwaondoa wafungwa wa hatari na wenye makosa ya kingono, na likidai uthibitisho wa ndoa na cheti cha afya. Na Italia, mwaka 2024, Mahakama ya Katiba iliamua kwamba kumlazimisha kila mfungwa akutane na mwenzi wake chini ya macho ya askari, bila kuangalia hali ya mfungwa mmoja mmoja, ni kinyume cha katiba.

Mleta uzi (Bahi)

Nimesoma kila neno, na baadhi ya maneno nimeyasoma mara mbili. Naomba nijibu.

Kwanza kwa kaka yangu mchangiaji wa 2. Sina hoja ya kuyashinda machungu yako, na sitajaribu. Mke wa marehemu kaka yako amepoteza kitu ambacho hakuna gereza wala Bunge linaloweza kumrudishia. Ningekuwa mimi ndiye niliyefiwa, huenda ningeandika kama ulivyoandika, au kwa ukali zaidi. Nakubali kwamba si kila kosa lipewe nafasi sawa, na kwamba aliyedhulumiwa anastahili kuulizwa kabla ya mfungwa wa kosa zito kupewa nafasi kama hiyo. Lakini naomba unisaidie kuona jambo moja: mtu ambaye kesho atatoka na kurudi kuishi mtaani kwako, je, ungependa arudi kwenye nyumba ambayo bado ipo, au arudi hana mke, hana mtoto anayemtambua, na hana cha kupoteza? Mume wangu alirudi akakuta nyumba. Aliyejeruhiwa naye anaishi umbali wa kutembea kwa miguu kutoka kwetu, na msimu uliopita walivuna pamoja. Sidhani kwamba yangewezekana hayo kama angerudi kwenye boma tupu.

Pili, kwa mzee wangu wa Kongwa. Shikamoo, na ahsante kwa kusema yale ambayo getini hakuna aliyewahi kutueleza. Tungeambiwa sababu za upekuzi kwa maneno kama yako, wengi tungevumilia kwa moyo mwingine. Pendekezo lako la kuanzia magereza ya wazi ndilo ninalolichukua. Nyumba mbili za matofali ya kuchoma, choo, jiko la nje na kisima, kwa mikono ya wafungwa wenyewe ambao miongoni mwao wamo mafundi, si mzigo wa kuishinda nchi.

Tatu, kwa wakili. Yale uliyosema kuhusu mlango wa kutokea yamenikalia kooni. Katika mwaka wa pili, ndugu zangu walinishauri niachike, na shangazi yangu alisema kwa nia njema kabisa kwamba sheria inaniruhusu. Nilidhani ni maneno ya kijijini tu. Kumbe sheria iliniruhusu kweli.

Lakini nina hofu juu ya sharti la uthibitisho wa ndoa kama lile la Punjab. Huku kwetu wengi tumeoana kimila. Mimi ng'ombe wangu walitoka, wazee wa pande zote mbili walikaa, na cheti hatuna. Likiwekwa sharti la cheti, wanawake wa vijijini ndio watakaobaki nje ya geti, na wa mjini wataingia.

Mchangiaji wa 4, wakili (Dodoma Mjini)

Hofu yako ina msingi, mama. Sheria ya Ndoa inazitambua ndoa za kimila, na kifungu cha 160 kinamdhania mwanamume na mwanamke walioishi pamoja kwa miaka 2 au zaidi, wakijulikana kwa watu kuwa mke na mume, kwamba wameoana, ingawa dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Kwa hiyo barua ya mtendaji wa kijiji ikiungwa mkono na wazazi wa pande zote ingeweza kutosha, iwapo kanuni zitaandikwa kwa kuzingatia maisha yalivyo. Liko pia suala la wake wawili au zaidi, kwa kuwa sheria hiyo hiyo inaruhusu ndoa za mitala. Waandishi wa kanuni wasipolifikiria mapema, askari wa getini ataachiwa mzigo wa kuamua ni mke gani aingie.

Nyakati hizi ni za kulisemea jambo hili. Tume ya Rais ya kuangalia namna ya kuboresha taasisi za haki jinai, iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ilikabidhi ripoti yake Julai 2023, na tangu hapo mazungumzo ya kuyageuza magereza yawe mahali pa urekebishaji yamekuwa yakiendelea. Mwenye neno alipeleke kwa mbunge wake kwa maandishi, na aanze na yale yasiyohitaji fedha nyingi: taarifa ya uhamisho, mtoto kupakatwa, muda unaojulikana na usiopungua.

Mchangiaji wa 6, afisa ustawi wa jamii (Mpwapwa)

Nitachangia kwa ufupi. Wafungwa wanawake hawajatajwa sana hapa, nao ndio wanaosahauliwa zaidi. Katika kazi yangu nimeona wake wakiwafuata waume zao gerezani kwa miaka. Waume wanaowafuata wake zao ni wachache sana. Mama anapofungwa, mara nyingi watoto hutawanywa kwa bibi, shangazi na majirani, na hakuna mmoja kati yao mwenye nauli ya kuwakusanya watoto wote wampeleke kwa mama yao. Mtoto anayenyonya anaweza kukaa na mama gerezani, lakini akishaachishwa ziwa anatoka, na hapo ndipo kamba inapokatika. Kanuni za Bangkok za mwaka 2010, zinazohusu wanawake waliofungwa, zinataka mtoto anapomtembelea mama yake apokelewe katika mazingira yanayomfaa mtoto na aruhusiwe kumgusa. Naomba mapendekezo yoyote yatakayotoka katika uzi huu yasiandikwe kana kwamba mfungwa ni mwanamume siku zote.

Mchangiaji wa 7 (Chamwino)

Samahanini kwa kuingilia, mimi si msomi wa sheria. Mume wangu ni mahabusu, kesi ni ya mauaji, haina dhamana, na huu ni mwaka wa tatu tunaambiwa upelelezi haujakamilika. Hajahukumiwa. Ninyi mnazungumza kuhusu wafungwa, lakini yeye si mfungwa, na wavu tunaozungumzia ni ule ule. Juzi ameniambia nisimpeleke kijana wetu wa miaka mitano kwa sababu hataki amwone akiwa mle. Dada mleta uzi, wewe umeyapitia. Nimtii, au nimpeleke mtoto?

Mchangiaji wa 4, wakili (Dodoma Mjini)

Dada wa Chamwino, umetukosoa kwa haki. Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye kosa kabla ya kuthibitika kwamba ana hatia. Ukiwa tayari, niandikie faraghani nikuelekeze kuhusu msaada wa kisheria usio na malipo.

Mleta uzi (Bahi)

Mdogo wangu wa Chamwino, nimekusoma nikajiona mwenyewe.

Mimi nilimtii mume wangu, na nimekwambia hapo juu yaliyotokea. Alidhani anamlinda mtoto, nami nilidhani namlinda yeye, na kwa pamoja tulimfanya baba awe mgeni. Ningerudishwa nyuma leo, ningempeleka, ila si kwa namna niliyompeleka mwanzo. Nilimchukua mtoto akiwa usingizini, nikamwamshia mbele ya wavu. Wewe wako ana miaka mitano, anaelewa. Mwambie mapema, kwa maneno ya kweli na machache, kwamba baba yuko mahali panapolindwa, kwamba patakuwa na wavu na watu wengi wanaosema kwa sauti, na kwamba baba hawezi kutoka nje kumshika. Mtoto akijua kitakachokuwapo hatishiki sana. Nenda mapema, kabla foleni haijawa ndefu, na mwombe askari kwa upole nafasi ya mwisho pembeni, kwa kuwa wapo maafande wenye watoto na wanaelewa bila kuelezwa mara mbili.

Siku ambazo nauli haipo, andika barua. Weka kiganja cha mtoto juu ya karatasi, ukizungushie kalamu, uandike tarehe, umpelekee baba yake. Mume wangu alirudi nyumbani na karatasi mbili za namna hiyo, zimekunjwa mpaka zimechanika kwenye mikunjo, na ndizo alizomwonyesha binti yetu siku ya tatu, wakalinganisha mkono wake na ile michoro, na siku hiyo ndiyo aliyomwita baba kwa mara ya kwanza.

Mume wangu bado huenda kuwasalimia wenzake aliowaacha, na mwezi huu anawapelekea sabuni pale pale alipo mumeo, kama nimeielewa vizuri taarifa yako. Niandikie faraghani tukubaliane siku. Tutatoka Bahi na gari la kwanza, tukutane stendi, kijana aingie akiwa ameshikwa mkono na mtu anayelijua lile geti.